Antena ya Gari la Wagonjwa

Kiti changu kwenye gari la wagonjwa ni kile cha pembeni, kirefu kama benchi, kisicho na mgongo. Nimekikalia miaka saba. Mimi ni muuguzi mkunga. Kituo chetu cha afya kiko upande wa Kang'ata, wilayani Handeni, na mama mjamzito akizidiwa kazi yangu ni kupanda naye nyuma na kumshikilia mpaka tufike hospitali. Kwa kawaida tunaishia Handeni mjini. Mara nyingine tunapewa barua nyingine pale na tunaendelea mpaka Korogwe. Nimezaliwa milimani, juu ya Mombo, na familia yangu iko Korogwe, ila nikiulizwa ninaishi wapi najibu polepole, kwa sababu paa la gari lile kwa ndani nalijua kuliko dari ya nyumba yangu.

Dereva wetu alikuwa mmoja tu, Mzigua wa hapo hapo Handeni, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mrefu, asiye na maneno mengi. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita sista. Asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba huku anakagua maji ya rejeta, na huo mara nyingi ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo yetu mpaka gari liitwe.

Ndani ya gari simu zilikuwa hazishiki. Ukisimama nje uwanjani uliona vijiti viwili vya mtandao. Ukipanda na kufunga mlango kilibaki kimoja. Gari likishika njia, hakuna kitu. Mzee ndiye aliyejua mahali pa kupigia. Alikuwa na alama zake ambazo hazikuandikwa popote: kona yenye changarawe nyekundu, msikiti ambao haujamalizwa kuezekwa, kichuguu kikubwa pembeni ya shamba la mihogo. Akifika pale alisimama bila kuambiwa, akazima injini ili nisikie vizuri. Mimi nilifungua mlango wa nyuma, nikasimama kwenye bampa, nikawaeleza watu wa hospitali namleta nani na ana nini. Kisha nilirudi ndani tukaendelea. Dakika tatu, dakika tano, mara nyingine zaidi, maana simu ikikatika unaanza upya. Nilizoea. Sikufikiri kwamba jambo lile lingeweza kuwa vinginevyo, kama vile hufikirii kwamba mlima ungeweza kusogezwa.

Ilikuwa msimu wa mvua, kabla ya adhuhuri, tulipompakia binti mmoja wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa amejifungua kituoni kwetu, uzazi wake wa pili, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Tatizo lilikuja baada ya mtoto. Kondo la nyuma halikutoka, na damu ikaanza kumwagika kuliko inavyotakiwa. Nilifanya ninayotakiwa kufanya, nikamchoma sindano, nikamwekea dripu mbili, na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, akasema twende. Mama yake alipanda naye, amembeba mjukuu kifuani ndani ya khanga.

Njiani mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya tumbo la yule binti, naukanda mfuko wa uzazi ili ukaze. Nikiuachia, damu inarudi. Tulipofika kwenye kichuguu mzee akasimama, akazima injini, akangoja nifungue mlango. Sikuweza kufungua. Nikamwambia achukue simu yangu, ashuke, awaambie hospitali kwamba mama ameshajifungua, kondo halijatoka, anatoka damu nyingi, waandae chumba cha upasuaji na damu. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari na ikabidi niseme kwa sauti, mara mbili. Alishuka. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma, amepanda juu ya kichuguu, koti amelifunika kichwani pamoja na simu, anasema, anatoa simu sikioni na kuitazama, anapiga tena, anasema tena. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka miguuni. Akasema wamesikia.

Tulipofika walitupokea mbio, kitanda kiko tayari, vifaa vya kuzalishia vimepangwa. Walikuwa wamejiandaa kumzalisha mtu. Yule aliyepokea simu alikuwa amesikia "mama anajifungua". Mzee alikuwa amesema "mama ameshajifungua". Mtandao ulikuwa umekula silabi mbili njiani, na silabi hizo ndizo zilizokuwa na habari yote. Wakageuka haraka kadiri walivyoweza, wakamwita daktari wa upasuaji, maabara wakaanza kutafuta damu ya kundi lake. Binti alipona. Lakini mfuko wa uzazi ulikataa kukaza na ilibidi utolewe. Akiwa na miaka ishirini na miwili.

Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda ingekuwa hivyo hata kama wangejua mapema. Alisema huenda, na sikumwomba aongeze kitu.

Siku ya tatu nilipita wodini. Binti alikuwa amelala, mtoto ubavuni. Mama yake alinikaribisha kitandani kwa adabu zote, akanisimulia usiku walivyolala, kisha akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Sista, ile simu ingesikika vizuri, mwanangu angebaki na kizazi chake?"

"Sijui, mama," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa kwamba amenielewa. Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi za wodi badala ya kwenda kumtafuta dereva.

Naye alikuwa na lake. Habari ya "anajifungua" ilikuwa imemfikia, maana hospitali haina siri, na aliichukua kama tuhuma. Wiki nzima hatukuzungumza zaidi ya salamu. Siku moja wakati anaosha gari alisema, bila kunitazama, kwamba yeye alisema kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Nikamwambia najua. Akaendelea kuosha mahali palepale palipokwisha takata. Hakuniamini, na mimi nilikuwa nimechoka mno kumshawishi.

Mwezi uliofuata nilipata mapumziko, nikapanda kwenda kumwona mama yangu. Wakati wa kurudi niliteremka Mombo kungoja basi la Korogwe. Pale mabasi makubwa husimama abiria wanunue chakula, na wauzaji wanakimbilia madirishani na mahindi na nyama na matunda ya milimani. Nikiwa nimekaa nyuma ya vibanda nikaona lori la mizigo limeegeshwa, na dereva wake ndani, vioo vimefungwa, anaongea na simu kwa raha kama mtu aliyekaa sebuleni. Juu ya paa la lori kulikuwa na kifimbo cheusi kilichosimama juu ya kitako cha duara. Nilimtazama mpaka akamaliza kuongea, nikaenda nikamuuliza kile ni nini. Akanielekeza kwa fundi wa redio za magari, duka la tatu nyuma ya vibanda.

Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge akitengeneza redio za mawasiliano za meneja na wasimamizi. Nilimweleza gari letu. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama vioo vya nyuma vimebandikwa karatasi nyeusi. Nikasema ndiyo, ili wagonjwa wasichunguliwe. Akasema basi mnasafiri ndani ya sufuria iliyofunikwa. Bati linazuia mawimbi, na karatasi nyingine za vioo zina vumbi la madini ndani yake, nazo zinazuia. Simu ndani inahangaika kama mtu anayeita kutoka kisimani. Akaazima sufuria kwa mama ntilie wa jirani, akatia simu yangu ndani, akafunika, akanipigia. Ikaita. Akacheka peke yake, akasema hapa mnara uko karibu, ingeita hata ikizikwa. Kwetu kule ndiko ningeuona ukweli wake.

Nilimwambia nimesikia kuna mashine za kuongeza nguvu ya mtandao. Akasema zipo, lakini zile zinataka kibali, ukizifunga ovyo zinausumbua mnara na kuwaharibia wengine, naye hafungi kitu kinachotaka kibali kwa mtu asiye na kibali. Akapendekeza njia nyepesi: ruta ndogo inayotumia laini ya simu, yenye matundu mawili ya kuchomekea antena. Antena inakaa juu ya paa, nje ya bati, inashika mtandao huko. Waya unaushusha mpaka kwenye ruta. Ruta inautawanya ndani ya gari kwa Wi-Fi, na simu zetu zinapiga kupitia intaneti. Waya uwe mfupi, alisema, kwa sababu kila mita ya waya inakula sehemu ya kile ulichokipata juu. Na akarudia jambo moja mara mbili, kama anayetaka nisije nikamlaumu: antena haizai mtandao. Pasipo na mtandao kabisa, itakaa juu ya paa kama pambo.

Kupata ruhusa kulichukua muda. Gari ni mali ya serikali, huwezi kulitoboa kwa sababu muuguzi amekutana na fundi Mombo. Mfawidhi wetu aliandika barua, ikajibiwa kwa swali, akaandika nyingine. Mwishowe ikakubaliwa kwa sharti kwamba pasitobolewe tundu hata moja. Vifaa tulichangia wenyewe watumishi wa kituo. Mzee naye alichangia, ila alisema wazi kwamba hapendi. Alisema ameendesha njia ile kabla minara haijajengwa, na kwamba mtu akiweka mitambo juu ya gari hujisahau kuangalia barabara. Niliona si barabara aliyokuwa anaizungumzia. Kwa miaka yote ile, mimi na wauguzi walionitangulia tulisimama pale alipotuambia tusimame. Sasa nilikuwa naleta kifimbo cha kumwambia kwamba hahitajiki.

Gari lilipokwenda Korogwe kufanyiwa matengenezo ya kawaida, fundi akashuka na basi kutoka Mombo na mkoba wake. Tulikutana kwenye gereji, asubuhi ya jua kali. Antena ilikuwa na kitako cha sumaku, ili kuepuka kutoboa. Fundi akapanda kwenye ngazi, akaiweka katikati ya paa, mahali pazuri kuliko pote kwa maelezo yake, kwa sababu bati linaloizunguka pande zote linaisaidia. Antena ikasimama kidogo, ikateleza, ikamwangukia mkononi. Akapafuta kwa kitambaa, akairudisha. Ikateleza tena. Akaisogeza mbele, ikashika kwa mashaka. Ukiigusa kwa kidole inacheza. Akaijaribu sumaku kwenye mlango, ikagandia kama imechomelewa. Akasimama pale juu, jasho linamtoka, anaitazama kana kwamba imemtukana.

Mzee alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu chini ya kivuli cha ukuta. Nilimwona anaangalia, anageuza uso, anaangalia tena. Mwisho akanyanyuka.

"Hapo si bati, hapo ni pati tupu," akamwambia fundi. "Gari hili liliangukiwa na tawi la mti, wakajaza shimo kwa pati, wakapaka rangi juu."

Akapanda ngazi upande wa pili. Akaanza kugonga paa kwa kifundo cha kidole, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, ameinamisha sikio. Palipo na pati palitoa sauti nzito, iliyokufa. Alipofika karibu na ukingo wa kulia, nyuma kidogo ya taa za king'ora, sauti ikabadilika, ikawa nyembamba. Akagonga pale mara tatu. Fundi akaweka antena. Sumaku ikavuta kwa mlio, na hata fundi alipoishika na kuitikisa kwa nguvu haikusogea.

Fundi akamwambia, "Ungekuwa mwanafunzi wangu, mzee, ningeshastaafu zamani." Mzee hakucheka, lakini hakurudi kwenye tairi lake. Alibaki pale, akamwonyesha mahali pa kupitisha waya, kwenye mpira wa mlango wa nyuma upande wa juu ambako mlango hauubani, na akamkataza kuchukua umeme kwenye fyuzi ya feni ya mgonjwa. Ruta ikafungwa nyuma ya kiti cha dereva, ndani ya kiboksi cha plastiki, ikiwa na taa moja ndogo: kijani ukipata, nyekundu ukikosa.

Tulirudi Handeni mchana ule. Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi langu, gari tupu, naangalia taa. Njia ya lami ikawa kijani tupu. Karibu na Sindeni nikampigia mama yangu, nikamsikia kama yuko pembeni yangu. Akanieleza kuhusu mbuzi na kikohozi chake na mapadre wageni, na nikamsikiliza mpaka akamaliza, jambo ambalo sikuwa nimelifanya ndani ya gari lile hata siku moja. Baada ya Handeni, kwenye njia ya vumbi, taa ikaanza kubadilika. Kijani kirefu, nyekundu, kijani. Kwenye bonde moja kabla ya Kang'ata ikawa nyekundu kabisa na ikakaa hivyo mpaka tulipopanda upande wa pili. Mzee aliuliza bila kugeuka kama imezima. Nikamwambia imezima. Akasema ndivyo alivyotegemea, pale hata tai hapati mtandao. Nilidhani anafurahi. Lakini tulipofika kituoni aliniomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa za polepole sehemu zote ambazo taa ingekuwa nyekundu, na muda wa kuzivuka kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa mvua. Karatasi ile aliigundisha juu ya kiboksi cha ruta.

Tangu hapo akawa na kazi nyingine. Nikiwa naongea na hospitali, nilisikia sauti yake kutoka mbele: sista, una dakika mbili. Au: malizia, tunashuka. Na kweli, baada ya muda alioutaja, simu ilikatika.

Wiki chache baadaye tulimpakia mama mwenye kifafa cha mimba. Mchana, jua la utosi. Alikuwa amepata dawa kituoni na degedege lilikuwa limetulia, lakini tukiwa tumeshaacha Kang'ata likamrudia, mwili mzima, povu mdomoni, mume wake amemshika miguu na analia bila sauti. Nikapiga simu kwa mkono mmoja, nikaiweka kwenye mkanda wa kitanda, na daktari akapokea. Gari linakwenda. Sikumwambia mzee asimame. Daktari akaniambia niangalie kwanza pumzi ngapi kwa dakika, mkojo umetoka kiasi gani, goti likigongwa linaitikia. Nikamjibu kimoja kimoja. Akaniambia kiasi cha kuongeza na nimchome taratibu vipi. Mzee akasema nina dakika nne. Nilimaliza kuchoma ndani ya dakika tatu, nikamweleza daktari hali yake, na tukaingia bondeni kimya, mgonjwa ametulia, taa nyekundu.

Tulipofika walikuwa mlangoni. Kila mtu alijua jina lake, uzito wake, na dawa aliyopata. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo nilikuwa nimeshalijibu. Jioni alijifungua kwa upasuaji, yeye mzima na mtoto mzima. Nilitoka nje nikamkuta mzee amekaa kwenye bampa anakula muhogo wa kuchoma. Nikamwambia. Akakata kipande cha muhogo akanipa.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile kazi ikawa nyepesi. Ilibadilika, lakini haikuwa nyepesi. Zamani, njia ya kurudi, gari likiwa tupu, ilikuwa yangu. Nililala kwenye benchi nimejifunga mkanda, kichwa kimeegemea bati, na hakuna mtu duniani aliyeweza kunipata mpaka tufike. Sikujua kwamba ule ulikuwa ndio mshahara wangu halisi. Sasa simu ilikuwa inaita. Kituoni wanauliza funguo ya kabati iko wapi. Wilayani wanataka ripoti ya mwezi, na kwa kuwa nina mtandao, si ningeituma tu hapo nilipo? Ndugu wa wagonjwa wakiona ruta wanaomba namba ya siri ya Wi-Fi. Mume wangu kutoka Korogwe ananiuliza kwa nini sijapokea, wakati zamani hakuwahi kuuliza. Na mara nyingine tukiwa tumebakiza nusu saa kufika, zahanati fulani ya ndani inapiga kwamba wana mgonjwa, na tunageuka hata hatujanywa maji. Tulikuwa tunawafikia watu mapema kuliko zamani, hilo sibishi. Ila ile nafasi ndogo niliyokuwa nayo katikati ya mtu na mtu ilikuwa imekwisha. Nilianza kuitazama taa ya kijani kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeondoka.

Siku moja tulikuwa tumefanya safari mbili kabla ya saa nane mchana. Nilipanda nyuma nikalala hapo hapo. Niliposhtuka tulikuwa tunaingia kituoni, na mfawidhi amesimama uwanjani. Akasema ametupigia nusu saa nzima. Kulikuwa na mama mwenye uchungu zahanati ya jirani, mtoto amekaa vibaya. Nikageuka kuangalia ruta. Haikuwa kijani wala nyekundu. Ilikuwa imezimwa.

Tuligeuza gari tukaenda. Tulimkuta yule mama akihangaika, tukampeleka, wakamfanyia upasuaji, na namshukuru Mungu hakuna kilichoharibika.  Baada ya kumkabidhi mgonjwa nilimfuata mzee kwenye gari nikamuuliza kama fyuzi imeungua.

"Niliichomoa mimi," akasema. "Sista, ulikuwa umelala mdomo wazi kama mtoto. Nikasema nikupe nusu saa."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia maneno makali, kwamba ile si redio ya kusikilizia taarabu, kwamba nusu saa ile ingeweza kuwa ya mtu mwingine, na yeye anajua. Alisikiliza yote amesimama wima, kofia mkononi, mtu mwenye umri wa baba yangu mdogo. Akasema hatarudia. Nikaingia nyuma nikafunga mlango, na ndipo nikaanza kulia, na sikulia kwa sababu ya hasira. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia nikiwa nimelala akaona kwamba nimechoka.

Kesho yake nilimwamkia shikamoo na nikamwomba radhi kwa ukali, si kwa nilichosema. Akaitikia, akasema maneno yale alistahili. Tukakaa kwenye ngazi za kituo tukapanga. Njia ya kurudi, simu yangu ingekaa mbele kwake. Ikiita, angesogea pembeni, asimame, apokee. Ikiwa ni mgonjwa ananiamsha papo hapo, hata kama nimelala dakika moja. Ikiwa ni jambo lingine lolote, atajibu sista yuko na kazi. Nilimwuliza akipigiwa na wilaya je. Akasema hata wao.

Hivyo ndivyo tunavyokwenda mpaka sasa. Waya umeshabadilishwa mara moja kwa sababu ya panya, na fundi wa Mombo ametuonya kuhusu kutu chini ya sumaku, kwa hiyo kila mwezi mzee anaing'oa antena, anafuta, anairudisha palepale. Mwaka ujao anastaafu. Wiki iliyopita tulimpeleka mgonjwa mpaka Korogwe, tukamwacha huko, tukarudi gari tupu, na kabla ya Sindeni nilikuwa nimeshalala. Nilisikia kwa mbali gari linasogea pembeni na kusimama, sauti yake inaongea kwa upole, kisha gari linaondoka. Sikufungua macho. Asubuhi yake ndipo aliponiambia kwamba kituoni walikuwa wanatafuta funguo ya jokofu la chanjo, na yeye aliwaelekeza, maana amekuwa akiniona ninapoiweka.